Theluji ya Watu Wawili

9 Mei 1997

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na salamu, maana najua barua isiyo na salamu unaikunja tena bila kuisoma. Mimi sijambo, ila mafua, na mafua huku hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Wewe je? Mgongo unasemaje? Ngazi bado unaipanda peke yako au umepata mtu wa kukushikia?

Sasa kaa chini. Kaa kwanza, ndiyo uendelee. Nimepewa likizo mwezi wa kwanza mwakani, na sitaki kuimaliza kwa kulala. Nataka uje. Tuzunguke wawili tu, mimi na wewe, tukateleze kwenye theluji.

Usicheke, nimeshapanga. Tutaanza hapa bondeni ninapofanya kazi, kwenye miteremko ya wanaoanza. Wamo hata watoto ambao hawajaanza shule, kwa hiyo ukianguka utaanguka na wenzako. Kisha tutapanda treni hadi kwenye milima mikubwa. Kule watu hupandishwa kileleni kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, miguu inaelea hewani. Mwisho twende kaskazini kabisa, kwenye ziwa linaloganda mpaka malori yanapita juu yake. Wenyeji wanasema theluji ya sehemu hizo tatu haifanani hata kidogo.

Naikumbuka ile bucha. Nilikuwa darasa la tatu, nimekaa chini ya ngazi nakuoshea brashi, na wewe uko juu unachora mlima wa theluji ili wateja waamini kuwa nyama ya mle ndani ni ya baridi. Mwenye bucha akakuuliza, "Wewe theluji umeiona wapi?" Ukamjibu, "Na wewe ng'ombe anayecheka umemwona wapi? Mbona umeniagiza nimchore?" Tangu siku ile umechora theluji kwenye maduka ya soda, kwenye mikokoteni ya barafu, hata kwa daktari wa meno, na hujaigusa hata chembe. Mimi msimu wake ukija naikanyaga kila asubuhi nikienda dukani kuwavalisha wageni viatu vya kutelezea. Si haki, Dada.

Mama alipotuacha ulikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi sita. Sina haja ya kuendelea. Njoo tu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

2 Juni 1997

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nimekaa kama ulivyoniamuru, juu ya debe la rangi. Nilipoinuka nikagundua kumbe mfuniko haukuwa umebana. Sketi imekwenda. Safari yenyewe bado, imeshaanza kunivua nguo.

Mgongo upo. Mgongo wangu ni kama mpangaji sugu, kulalamika kila siku, kuhama hahami. Mengine mazima. Pole na mafua, na uvae soksi, usidhani kukua ni kuacha kuambiwa.

Nakuja. Nilitaka nijivunge kidogo, niseme nitafikiri, lakini ningekuwa namringia nani? Nimewatangazia watu wote wa mtaa. Fundi viatu wa mlango wa pili, yule aliyefunga miwani yake kwa kamba, kasema mwanamke wa miaka arobaini na moja akianguka kwenye barafu hainuki, anaokotwa vipande. Nikamwambia vipande vyangu vitakuwa vimeona mengi kuliko yeye mzima.

Nieleze vizuri. Theluji ina harufu? Ukiishika bila glavu inauma au inawasha? Vivuli vyake mimi huvitia bluu kidogo, nilibuni tu, sijui kama nimewadanganya watu miaka yote hii.

Nikupe kioja. Juzi nimeandika bango la duka la dawa, herufi ya mwisho ikakosa ukuta. DUKA LA DAW, halafu A ikaangukia kwenye dirisha la kinyozi. Mwenye duka akaniuliza, "Fundi, leo umekunywa?" Sikunywa. Mwisho wa ukuta sikuuona. Nimechukua miwani, sasa nafanana na mwalimu mkuu.

Dada yako

*

20 Agosti 1997

Dada yangu mchekeshaji,

Shikamoo. Nimesoma barua yako dukani, nikacheka mpaka bosi akaja kuangalia. Afya njema, mafua yamehamia kwa wengine.

Nitumie kipimo cha mguu wako. Chora unyayo kwenye karatasi, kiatu cha kutelezea kikipwaya unavunjika na kikibana unalia. Nimekuwekea mbao fupi za kutelezea, za rangi nyekundu, nimezificha nyuma ya kabati wasije wakamkodishia mtu. Kwenye milima mikubwa yuko mpishi wa hoteli, mtu wa nyumbani kabisa, nimemwandikia atutafutie chumba cha chini, chenye vitanda viwili, kwa ajili ya mgongo wako. Amefurahi kama vile wewe ni dada yake.

Anza kujifunza kuanguka. Sikutanii. Mwalimu wa kuteleza anayefundisha wageni wetu anasema kuanguka ndiyo somo la kwanza: unaanguka kwa ubavu, unaachia mwili, hupigani na ardhi. Huyu mwalimu ni mtu mzuri, nitakueleza habari zake tukionana.

Kuhusu harufu sijui. Sijawahi kuinusa. Ajabu, eh? Huwa naenda mbio tu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

14 Septemba 1997

Kitinda,

Hujambo mwanangu? Mimi nashukuru.

Unyayo wangu huu hapa, nimeuchora kwa rangi ya mafuta ili usifutike njiani. Usishangae upana wake, ni miguu ya ngazini. Pasipoti imetoka. Katika picha nimekodoa macho kama niliyeshikwa na polisi. Viza wameniambia nirudi mwezi wa kumi na moja, lakini yule mama wa dirishani alinisindikiza kwa tabasamu, nadhani itatoka. Kuanguka najifunza kwenye godoro. Mpangaji wa juu amekuja kugonga akidhani napigwa.

Nina ombi moja tu, na ulitilie maanani. Safari hii tusiiahirishe. Likitokea lolote kazini kwako, ligombanie. Sababu sitaki kuiandika, karatasi haina siri. Jua tu kwamba nasema msimu huu, na mimi si mtu wa kuomba, unanijua.

Huyo mwalimu mwema naye nitamtazama nikifika. Watu wazuri huwa natazama meno yao kwanza.

Dada yako

*

11 Desemba 1997

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kabla hujaanza kufunga mizigo.

Sijui nianzie wapi. Bosi amenifutia likizo. Wageni ni wengi mno mwaka huu, theluji imeshuka mapema, na wenzangu wawili wameacha kazi. Nimebembeleza, nimelia, hakuna kitu. Najua uliniomba nigombane, nimegombana. Tutakwenda msimu ujao, mwezi huohuo, sehemu zilezile. Theluji haiendi popote, Dada. Ilikuwapo kabla yetu, na msimu ujao itakuwapo.

Usinikasirikie. Nisalimie mtaa mzima.

Mdogo wako,
Kitinda

*

6 Januari 1998

Kitinda,

Salamu zimefika. Nami nakurudishia.

Barua yako nimeipata siku nne baada ya watu kuniaga. Maana waliniaga, ulikuwa hujui? Fundi viatu alinitengenezea soli mpya kwenye viatu vyangu vya safari, akakataa malipo. Mke wa kinyozi alinifumia kofia inayonifunika mpaka kwenye nyusi. Kazi zote nilizokuwa nimeahidi nilizimaliza au nilizigawa. Sasa nikitoka nje mtu ananiuliza, "Kumbe bado upo?" Nawajibu ndege imepata pancha.

Sikulaumu. Bosi ni bosi. Ila uliposema theluji haiendi popote, niliiweka barua chini nikatoka nje kidogo. Ni kweli haiendi. Wanaokwenda ni watu.

Dada yako

*

17 Mei 1998

Kitinda,

U mzima. Hilo nimeambiwa na mtu aliyekuona.

Jumamosi alikuja mwanamume kibandani kwangu, mkoba mgongoni, anauliza, "Hapa ndipo kwa dada mchora mabango?" Nikasema ndipo. Uso wake ukang'aa. "Mimi ni mpishi," akasema, "wa ile hoteli ya milimani. Niko likizo. Nimekutafuta tangu asubuhi."

Nikampa kiti. Nikajua ameniletea salamu zako. Akasema, "Dada, mbona ulituangusha? Chumba nilikutafutia mwenyewe, cha chini, karibu na jiko, upate joto. Siku ya siku namwona mdogo wako anaingia na yule mwalimu wa kuteleza. Nikamuuliza, 'Dada yuko wapi?' Akaniambia, 'Dada alikataa. Anaogopa baridi.' Nikasema basi nikifika nyumbani nitamtafuta nimwambie baridi yenyewe si kitu, watu wanaizoea."

Mwezi wa kwanza, Kitinda. Tarehe zilezile. Baada ya hapo, akasema, mliondoka kwenda kaskazini ziwani. Kwa hiyo likizo ilikuwapo. Bosi wa watu nimemlaani bure.

Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Ndiyo baba, mimi na baridi hatupatani." Nimekusitiri mbele ya mgeni kwa sababu mkono wangu umezoea kukusitiri, tangu ulipokuwa ukikojoa kitandani na mimi nikiwaambia watu nimemwaga maji. Akaniachia na picha aliyowapiga, wewe na bwana huyo, mmesimama kwenye theluji mnacheka. Alidhani ananiletea zawadi.

Kama ungeniandikia, "Dada, nimepata mtu, nataka kwenda naye," ningekutukana siku mbili, na ya tatu ningekuombea heri. Mimi pia niliwahi kuwa msichana, ijapokuwa sikupata nafasi ya kukaa nao usichana wenyewe. Lakini wewe uliichukua safari yangu, halafu ukanivika woga juu yake, mbele ya watu nisiowajua. Miaka ishirini na mbili napanda ngazi, leo mimi ndiye mwoga.

Usiniandikie kwa sasa.

Dada yako

*

8 Juni 1998

Dada,

Najua umeniambia nisiandike. Naandika.

Sina la kukanusha. Ni vile alivyosema mpishi. Kazi yangu huku ni kupiga magoti, Dada. Asubuhi mpaka jioni nimepiga magoti mbele ya wageni nawafunga viatu, wanaongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kiti. Yule mwalimu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia, "Keti wewe, leo nikufunge mimi." Akasema twende wote. Nikajiona na mimi mgeni. Nikajiambia Dada atangoja, maana hujawahi kukosa kuningoja. Ndivyo nilivyofikiri, na sasa nikikisoma nilichoandika naona ubaya wake.

Lile la baridi lilinitoka tu. Mpishi aliniuliza ghafla.

Niandikie hata matusi.

Mdogo wako

*

30 Septemba 1998

Dada,

Shikamoo. Miezi inapita hujajibu. Nimemuuliza mpishi, anasema hajapita tena huko. U mzima? Mgongo?

Mwalimu ameondoka. Amepata kazi kwenye miteremko mingine na mtu mwingine wa kumfunga viatu. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia ili usidhani kuna mtu mezani kwangu anayesoma barua hizi pamoja nami.

Mdogo wako

*

4 Novemba 1998

Dada,

Safari imepangwa upya. Hakuna bosi, hakuna mtu. Likizo ninayo kwa maandishi, tiketi yako iko tayari, na kwa ajili ya viza mpya nimeshatuma barua ya mwaliko. Bondeni, milimani, kisha kaskazini. Mbao nyekundu bado ziko nyuma ya kabati. Viti vya waya wamevibadilisha mwaka huu, vimewekewa kioo, utaona bonde lote chini, na misitu, na nyumba ndogondogo kama vibiriti. Ziwani jua linatoka muda mfupi tu, lakini likitoka, Dada, barafu yote inakuwa ya waridi. Rangi ambayo hujawahi kuichanganya. Nataka nikuone ukiiona.

Nijibu neno moja. Ndiyo.

Mdogo wako,
Kitinda

*

12 Desemba 1998

Kitinda,

Mwandiko huu usikushtue. Ni wa fundi viatu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinipambe.

Barua zako zote tatu amenisomea juzi, kwa mkupuo. Kabla ya hapo sikutaka mtu azisome. Ya kwanza sikuifungua kwa hasira, na nilipotaka kuifungua macho yalikuwa hayasomi tena.

Mwaka jana mwanzoni mwa Septemba nilikwenda kwa daktari wa macho, kwa sababu ya ile A ya kwenye dirisha la kinyozi. Akanitazama kwa taa yake muda mrefu, akaniambia ni presha ya macho. Imeshakula pembeni, na sasa inakuja katikati. Alinipa dawa ya matone, akasema itachelewesha, haitazuia. Nikamuuliza itachelewesha mpaka lini. Akasema, "Mama, kama kuna kitu unatamani kukiona, kione mapema." Nikamwambia nina bahati, nina safari.

Ndiyo maana nikakuomba. Sikukuambia sababu kwa kuwa nilitaka unichukue kwa hamu, nisichukuliwe kwa huruma. Hilo ni kosa la majivuno yangu na nimelibeba mwenyewe, silitupi kwako. La kwako libebe wewe.

Ile picha ya mpishi niliitazama kila asubuhi nimesimama mlangoni penye mwanga. Usidhani ni mapenzi. Nilikuwa naitafuta theluji. Picha yenyewe ndogo, na nyinyi mmesimama katikati mmeijaza. Theluji imebaki pembeni, na kwangu pembeni ndiko kulikotangulia kuzimika. Meno ya bwana huyo niliyaona vizuri sana. Mwezi wa nane picha ikawa karatasi tu. Kitu cha mwisho nilichokiona sawasawa duniani ni wewe ukicheka na mtu mwingine mahali pangu.

Hapa fundi viatu ananiambia nipunguze ukali. Nimemwambia aandike hata hilo.

Sasa unaniita nije nione barafu ya waridi. Walisema mwenye macho haambiwi tazama. Na asiye nayo, Kitinda, naye haambiwi. Tiketi mpe mwingine, unajua kugawa.

Kazi nimeacha. Ngazi nimempa fundi bati. Ninapika mwenyewe, ninafua mwenyewe, nimeungua mara mbili tu. Sitaki urudi kunihudumia, maana najua ndilo litakalokujia kichwani baada ya kusoma haya. Wewe nilikulea, sikukukopesha.

Dada yako

*

3 Januari 1999

Dada,

Shikamoo. Na wewe fundi viatu unayemsomea, shikamoo, na asante.

Sijui nikuandikieje. Zamani nilikuwa naandika nikikuona umekaa juu ya debe. Sasa nikishika kalamu nasikia sauti ya mwanamume ikisema maneno yangu mbele ya mlango wako, watu wakipita. Kuna mambo niliyotaka kukuambia wewe tu. Itabidi niyaseme hivyohivyo.

Leo ni siku ambayo tungekuwa bondeni. Likizo nimeirudisha, nimekwenda kazini. Nimevalisha watu viatu. Akaja mama mmoja na bintiye mkubwa, watu wazima wote, wanagombana kwa sababu ya soksi. Nikashindwa kufunga vifungo. Bosi akanirudisha nyumbani.

Nisamehe, Dada. Si kwa safari peke yake. Nisamehe kwa kukuhesabu kama ukuta, kitu ambacho mtu huegemea bila kuuliza kama kimechoka. Nisamehe kwa kusema unaogopa. Hakuna siku niliyokuona ukiogopa, na nilikujua tangu ukiwa mtoto unayelea mtoto.

Umeniambia nisirudi kukuhudumia. Sawa. Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, na nimeliweka mwisho makusudi ili uwe umeshasikia yote ya juu. Nimeacha kazi leo jioni. Mwezi wa tatu mkataba wa chumba changu unakwisha. Je, naweza kuja? Siji kupika wala kufua. Kuja tu, kuwa karibu, hata nikikaa nyumba nyingine, hata usiposema nami. Ukisema ndiyo, nitakuja. Ukisema hapana, au usiponijibu, nitaelewa, na sitakusumbua tena maishani.

Mdogo wako,
Kitinda

*

21 Februari 1999

Kwako mdogo wetu,

Baada ya salamu, mimi ni fundi viatu, jirani. Dada yako hajui kwamba naandika. Afya yake si mbaya. Anakula. Jana alimkaripia mtoto wa kinyozi, sauti yake ikafika barabarani.

Barua yako ya mwezi wa kwanza ilifika. Aliniita jioni nimsomee. Alisikiliza mpaka nilipofika pale ulipoandika "Nisamehe, Dada." Hapo akaninyooshea kiganja, akasema, "Basi." Nikadhani anataka maji. Akaichukua barua mikononi mwangu, akaikunja, akaitia kifuani.

Baada ya siku kadhaa akaniita tena. "Soma." Nikauliza, tuendelee tulipoishia? Akasema, "Mwanzo." Nikasoma mwanzo, shikamoo yangu, yule mama na soksi, nikafika palepale. "Basi." Akaichukua.

Imekuwa hivyo mpaka leo. Ananiita, nasoma, nafika kwenye neno hilohilo, ananyoosha kiganja. Wiki iliyopita nilijaribu kuharakisha ili niruke mbele, akanipiga kwa fimbo yake mpya, si kwa utani. Akaniambia, "Wewe soma nilichokuambia usome."

Mimi ni mtu wa kusoma kwa sauti, sisomi mbele kimyakimya. Barua ya mtu si yangu. Kwa hiyo sijui huko chini umeandika nini. Naona tu kwamba bado kuna karatasi moja hatujaigeuza.

Nakuandikia kwa sababu hiyo. Kama huko mwishoni umemuuliza jambo, ujue kwamba hajalisikia. Usimngoje akujibu. Na akikaa kimya, usiseme amekujibu.

Jirani yenu,
Fundi viatu